Je, Saketi Iliyo Wazi Hupitisha Umeme? Uhakiki wa Orodha ya Istilahi za Giaboksi ya Otomatiki

Utangulizi

Tangu Baraza lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, miongoni mwa kazi zake ni kuangalia jinsi istilahi za taaluma mbalimbali zinavyoundwa na zinavyotumika. Mara nyingi orodha zinazohakikiwa katika kurasa kama hizi ni zile zilizotungwa na vyombo vinavyojulikana. Safari hii tunakusudia kuhakiki orodha ndogo isiyo na jina la mtunzi wala la mchapishaji. Ni kurasa chache zilizopigwa chapa, zenye maneno ya ufundi wa giaboksi ya otomatiki, na hasa ya kuchunguza hitilafu za solenoidi zinazobadilisha gia. Kurasa hizo hupita mkono kwa mkono na simu kwa simu katika gereji za nyanda za kati. Sisi tuliikuta nakala moja imebandikwa ukutani katika gereji ya Kizota, mjini Dodoma, ikiwa imeingia weusi wa oili hata baadhi ya maneno hayasomeki. Weusi huo ndio uliotushawishi kuiandikia. Orodha nyingi tunazozitoa sisi wenyewe hubaki safi kabatini.

Sababu ya kuwapo kwa orodha hii haifichiki. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, magari ya watu binafsi yameongezeka mjini humo, na mengi ni magari yaliyokwisha kutumika Japani, yenye gia za otomatiki. Vibandiko vilivyomo chini ya boneti vimeandikwa Kijapani, vitabu vya matengenezo vimeandikwa Kiingereza, na fundi anayelifungua gari hilo aghalabu ni mtu aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili kisha akajifunza kazi gerejini. Vijana tuliowakuta Kizota walikuwa Mgogo, Mrangi, Mnyaturu na Msandawe. Lugha yao ya pamoja ilikuwa moja tu, nayo ni Kiswahili. Orodha hii basi haikutungwa kwa anasa. Imetungwa kwa haja.

Kijana mmoja wa gereji hiyo ndiye aliyetuuliza swali ambalo tumelifanya kichwa cha makala haya. Alisoma katika orodha kwamba solenoidi hukosa umeme "saketi ikiwa wazi". Akatutazama, akasema: "Samahani, mwalimu. Ikiwa wazi, si ndiyo umeme unapita?" Hatukuwa na jibu la haraka. Makala haya ndiyo jibu letu.

Kifaa chenyewe na kazi yake

Istilahi haiwezi kuhakikiwa bila ya kukijua kitu inachokitaja. Katika gari la gia za mkono dereva hukanyaga klachi na kusukuma fimbo ya gia mwenyewe. Katika giaboksi ya otomatiki kazi hiyo hufanywa na oili yenye presha, ambayo huzibana klachi na mikanda iliyomo ndani. Giaboksi ya kwanza ya otomatiki kamili kuundwa kwa wingi ilitolewa Marekani na kampuni ya General Motors kwa magari ya toleo la mwaka 1940, na kwa miongo mingi baada ya hapo oili hiyo iliongozwa na vali na springi peke yake. Katika miaka ya 1980 watengenezaji kadhaa, Toyota wakiwa miongoni mwao, waliikabidhi kompyuta uamuzi wa lini gia ibadilike.

Solenoidi ndiyo kiungo baina ya kompyuta na oili. Ni koili ya waya yenye kijiti cha chuma ndani yake. Mkondo wa umeme ukipita katika koili, koili hugeuka sumaku na kukivuta kijiti; mkondo ukikoma, springi hukirudisha. Kijiti kikisogea hufungua au huziba tundu dogo la oili. Hapo presha ya upande mmoja wa vali hubadilika, vali nayo huhama, na gia hubadilika.

Katika giaboksi kadhaa za gia nne za Toyota, ambazo ni nyingi katika barabara zetu, solenoidi za kubadilisha gia ni mbili tu. Gari likiwa katika gia ya kwanza, Solenoidi Na. 1 ina umeme na Na. 2 haina. Katika gia ya pili zote mbili zina umeme. Katika gia ya tatu Na. 2 peke yake ndiyo yenye umeme. Katika gia ya nne zote mbili hazina. Msomaji ataona mara moja kwamba solenoidi zote mbili zikikosa umeme, gari lililowekwa katika D hubaki katika gia ya nne. Dereva akitaka kuondoka, gari huwa zito kama lililobebeshwa mizigo ya kijiji kizima. Naye humwambia fundi kwamba gari halina nguvu, na fundi asiyejua huanza kuifungua injini.

Hapo ndipo istilahi inapogusa mfuko wa mtu, na wakati mwingine uhai wake. Gari lililokwama katika gia ya nne likiteremka Sekenke kuelekea Shelui, injini hailizuii ipasavyo. Breki ndizo zinazolibeba, na breki zikipata moto sana hupoteza nguvu. Dereva aliyeelezwa sawasawa kwamba gari lake limekosa umeme wa solenoidi atajua kwamba katika giaboksi za aina hiyo fimbo bado humpa msaada: ikiwekwa katika 2 hutoa gia ya tatu, na ikiwekwa katika L hutoa gia ya kwanza. Atateremka pole pole tangu juu, fimbo ikiwa mahali panapofaa. Dereva aliyeambiwa tu kwamba "gia ni mbovu" hatajua lolote la kufanya.

Yaliyo mema katika orodha

Haki yatudai tuanze na sifa. Kwanza, mtunzi amelichukua neno "solenoidi" kama lilivyo, akalipa umbo la Kiswahili na kuliacha. Wako wataalamu ambao wangependa kuliita "sumakuumeme ya kuhamishia vali", au jina jingine refu la namna hiyo. Jina la aina hiyo ni maelezo na wala si istilahi. Halitamkiki chini ya gari, mtu akiwa amelala chali na tochi mdomoni. Aidha, kila solenoidi ni sumakuumeme, lakini si kila sumakuumeme ni solenoidi.

Pili, mtunzi ameyaokota maneno ya dalili kutoka vinywani mwa madereva na kuyapa maana moja moja. Gia "inateleza" pale injini inapopiga kelele kuliko mwendo wa gari. Gia "inashtuka" pale gari linaporushwa mbele kwa kishindo wakati wa kubadilika. Gia "inachelewa" pale mwendo wa kubadilisha unapopita bila ya gia kubadilika kwa wakati wake. Gia "inagoma" pale isipobadilika kabisa. Maneno haya manne ni ya kila siku, lakini kwa kutengwa hivi yamekuwa istilahi kamili. Kila moja laweza kuzaa jina: mtelezo, mshtuko, uchelewaji, mgomo. Sisi tusingeweza kuyatunga yaliyo bora kuliko haya.

Tatu, kuna neno moja ambalo tunalipongeza kwa namna ya pekee. Kompyuta ikiona hitilafu kubwa, huacha kuziamuru solenoidi na kuliacha gari litumie gia chache tu, ili giaboksi isiharibike zaidi na dereva aweze kufika kwenye matengenezo. Orodha inaiita hali hiyo "hali ya kujihami". Kiingereza huiita kwa picha ya mtu anayechechemea. Mtunzi hakuifuata picha hiyo, bali alitazama shabaha ya jambo lenyewe. Hivyo ndivyo istilahi njema inavyoundwa.

Kasoro ya kwanza: neno "wazi"

Sasa tulirudie swali la kijana wetu. Katika Kiingereza cha umeme, saketi iliyofunguka ni ile ambayo njia yake imekatika, na kwa hiyo umeme haupiti. Mtunzi wa orodha amelifasiri neno hilo kwa "wazi". Lakini kwa Mswahili njia iliyo wazi ni njia inayopitika. Mlango ukiwa wazi watu huingia. Barabara ya Iringa ikiwa wazi mabasi huenda. Tukimwambia kijana kwamba saketi iko wazi, tumemwambia kwamba umeme unapita, na hilo ni kinyume kabisa cha tulichokusudia.

Tatizo hili lingevumilika katika kitabu cha taa za nyumbani. Katika solenoidi haliwezi kuvumilika, kwa sababu kifaa hiki kimoja kina njia mbili ndani yake, ya umeme na ya oili. Orodha hiyohiyo inasema kwamba "vali ikiwa wazi" oili hupita, na mistari michache chini yake inasema kwamba "saketi ikiwa wazi" umeme haupiti. Neno moja, katika ukurasa mmoja, kwa kifaa kimoja, linabeba maana mbili zinazopingana. Hapana fundi atakayelitumia bila ya kukosea, hata akiwa hodari.

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba mwanafunzi atazoea, kama anavyozoea mambo mengine ya taaluma. Hatukubaliani nao. Mazoea ya namna hiyo huwezekana darasani, ambako mwalimu yupo na kosa hurekebishwa kwa kalamu nyekundu. Ukutani pa gereji hapana mwalimu. Isitoshe, dawa ipo tayari na haina gharama. Mafundi wote tuliowasikia husema "waya umekatika" na "umeme umekatika". Tunapendekeza kwa hiyo "saketi iliyokatika", na neno "wazi" liachiwe njia ya oili peke yake. Kinyume chake si "saketi iliyofungwa", kwani kilichofungwa kwetu hakipitiki, bali ni "saketi kamili".

Kuhusu umeme unaokatiza njia na kugusa mahali pasipopasa, orodha ina "saketi fupi". Hapa mtunzi ametafsiri neno kwa neno, na ameliacha "shoti", ambalo linajulikana na kila mtu aliyewahi kuunguza fyuzi. Hatuoni kosa lolote la "shoti". Waya ukichunika na kugusa chuma cha gari, isemwe "shoti ya bodi", na waya mmoja ukigusa mwingine isemwe "shoti ya waya kwa waya".

Kasoro ya pili: neno "mbovu"

Kasoro hii ni kubwa zaidi, ingawa haionekani upesi. Magari ya miaka ya karibuni hutunza hitilafu kwa alama za herufi na tarakimu, ambazo fundi huzisoma kwa mashine. Kwa solenoidi ya gia ya kwanza katika hesabu, inayoitwa A, ziko alama nne zinazofuatana: P0750, P0751, P0752 na P0753. Orodha imeziandikia zote nne maneno mamoja: "solenoidi A mbovu".

Alama hizo hazisemi jambo moja. P0750 ni tangazo la jumla kwamba kuna hitilafu upande wa solenoidi A. P0751 husema kwamba solenoidi haifanyi kazi ipasavyo, au imeganda ikiwa imezima. P0752 husema kwamba imeganda ikiwa imewaka. P0753 husema kwamba hitilafu imo katika umeme wake. Alama ya mwisho haiihukumu solenoidi hata kidogo. Yaweza kuwa koili imekatika, na yaweza pia kuwa waya, soketi au athi. Alama ya pili nayo yaweza kutokea solenoidi ikiwa nzima, bali tundu limezibwa na takataka za oili iliyochakaa.

Tulishuhudia matokeo ya neno hilo moja. Gari dogo la mwalimu mmoja lilifika gerejini likitoka njia ya Manyoni, limo katika hali ya kujihami. Mashine ilitoa P0753. Fundi aliutazama ukuta, akaagiza solenoidi iliyotumika kutoka Dar es Salaam, akaisubiri, akaifungua sampo, akamwaga oili, akaifunga. Taa iliwaka tena siku hiyo hiyo. Tulipomuuliza kwa nini hakuupima waya kwanza, alitujibu kwa utulivu: "Mwalimu, karatasi inasema mbovu. Kitu kibovu kinatolewa." Hatukuwa na la kumlaumu. Alilitii neno.

Hatimaye waya ulipimwa. Kwa solenoidi za gia za Toyota za aina tuliyoieleza, ukinzani wa koili katika joto la kawaida ni baina ya omu 11 na 15. Mita ilipowekwa katika soketi ya giaboksi, ilionyesha ukinzani ulio ndani ya kiwango hicho, yaani koili ni nzima. Ilipowekwa mwisho wa waya ule ule, upande wa kompyuta, haikuonyesha njia yoyote. Basi waya ulikuwa umekatika katikati, mahali uliposuguana na chuma kwa mitikisiko ya barabara za changarawe. Matengenezo yenyewe yalikuwa kipande cha waya na utepe. Solenoidi ya zamani, iliyokuwa nzima, ilikwisha kutupwa. Mwalimu alilipa kipuri, oili, na ufundi mara mbili.

Neno "mbovu" lina kasoro gani? Ni kwamba linatoa hukumu kabla ya ushahidi. Kiswahili kinayo maneno ya kutenganisha. "Dalili" ni kile dereva anachokiona au kukisikia. "Hitilafu" ni kile kipimo kinachokionyesha. "Chanzo" ni kile kilicholeta hitilafu. Katika mfano wetu, dalili ilikuwa gari zito la kuondoka. Hitilafu ilikuwa saketi iliyokatika. Chanzo kilikuwa msuguano. "Ubovu" usitajwe mpaka kifaa chenyewe kimepimwa na kushindwa. Laiti orodha ingeandika mbele ya P0753 maneno "hitilafu ya umeme katika njia ya solenoidi A", tunaamini fundi yule angechukua mita kabla ya kuchukua spana.

Kasoro ya tatu: majina yanayogongana

Orodha inataja "solenoidi ya kwanza" na "solenoidi ya pili". Baada ya mistari kadhaa, kwa kufupisha, inasema "solenoidi ya gia ya kwanza". Kwa asiye fundi huo ni mfuatano wa maneno tu. Lakini tumekwisha kuona kwamba Solenoidi Na. 1 hufanya kazi katika gia ya kwanza na ya pili, na Na. 2 katika gia ya pili na ya tatu. Hapana solenoidi ya gia ya kwanza katika giaboksi hiyo. Kijana aliyeipokea orodha kama ilivyo atadhani kwamba gia ya tatu ikigoma, kuna solenoidi ya tatu ya kutafutwa. Atafungua giaboksi na kuitafuta. Ziitwe kwa hiyo "Solenoidi ya gia Na. 1" na "Na. 2", na namba isigeuzwe kuwa "ya kwanza" wala "ya pili".

Mahali pengine mtunzi ameteleza kwa sababu neno la Kiingereza lenye maana ya kubadili gia ndilo pia lenye maana ya zamu ya kazi. Ameandika "solenoidi ya zamu". Mafundi walicheka tulipowasomea, na wakatuambia kwamba wao hulisoma neno hilo kisha hulipita. Kosa la kuchekesha ni afadhali, kwa kuwa halimdanganyi mtu. Yanayotutia wasiwasi ni makosa yasiyochekesha.

Lakini hapa lawama si ya orodha peke yake. Lugha ya gerejini nayo ina ugonjwa wake, ambao ni kukiita "sensa" kila kitu kidogo chenye waya mbili. Sensa ya mwendo ni sensa, na solenoidi nayo imekuwa "sensa ya gia". Tofauti yake ni kubwa na ni rahisi kuifundisha. Sensa huipelekea kompyuta habari. Solenoidi hupokea amri ya kompyuta. Habari ikiwa ya uongo, amri itakuwa mbaya hata kama solenoidi ni nzima. Sensa ya mwendo ikifa, gia zaweza kubadilika ovyo, na fundi anayeviita vyote "sensa" atakinunua kile asichokihitaji. Tunapendekeza "sensa" iendelee kutumika, kwa kuwa imekwisha kuenea kuliko "kihisi" na "kitambuzi", ila kwa sharti kwamba isivuke mpaka wake.

Kuagua au kuchunguza?

Kichwa cha orodha kinasema "Uaguzi wa Hitilafu za Gia". Twajua neno hilo limetoka wapi: wako waliolipendekeza katika tiba, kwa maana ya kuutambua ugonjwa. Lakini kuagua katika Kiswahili ni kazi ya mganga, ambaye hujua kwa njia isiyohitaji kuonyeshwa. Fundi anayebadilisha kipuri kimoja baada ya kingine mpaka gari lipone anapiga ramli, na kwa mtu huyo neno "uaguzi" ni sahihi mno. Kwa kazi tunayotaka vijana waijue, tunapendekeza maneno mawili: "uchunguzi", kwa hatua zinazofuatwa, na "utambuzi", kwa jambo linalojulikana mwisho wake.

Uchunguzi una mpango wake, na istilahi zifuate mpango huo. Kwanza ni oili: wingi wake, rangi yake na harufu yake, kwani oili nyingi za giaboksi za otomatiki huwa nyekundu zikiwa mpya, na zikiungua huwa na rangi ya hudhurungi na harufu kali. Pili ni volti za betri na usafi wa soketi. Tatu ni kusoma alama. Katika Toyota nyingi za miaka ya 1990 fundi hahitaji mashine: akiunganisha kwa waya vituo TE1 na E1 vilivyo katika kisanduku cha uchunguzi, taa ya O/D hukonyeza hesabu. Ikikonyeza mara sita, ikatulia, ikakonyeza mara mbili, hiyo ni 62, yaani umeme wa Solenoidi Na. 1, 63 ni wa Na. 2. Kitenzi "kukonyeza" kimo katika orodha, nasi tunakiunga mkono.

Nne ni kile ambacho orodha haikukitaja kabisa, nacho ndicho kipimo bora kwa gereji maskini. Fundi huchomoa soketi ya solenoidi kisha huendesha gari. Katika giaboksi tuliyoieleza, L itoe gia ya kwanza, 2 itoe ya tatu, na D itoe ya nne. Ikiwa hivyo, klachi na vali zinafanya kazi, na hitilafu itafutwe upande wa umeme. Isipokuwa hivyo, solenoidi isisingiziwe. Giaboksi nyingine zina mpangilio tofauti, na kitabu cha gari lenyewe ndicho kinachoamua. Kipimo hiki hakina jina katika orodha, na kwa kuwa hakina jina, hakifanywi. Tunapendekeza kiitwe "jaribio la gia bila umeme".

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza istilahi hizi zijadiliwe:

solenoidi ya gia Na. 1, Na. 2: koili yenye kijiti kinachoamuru vali ya kubadilisha gia, namba ni ya kifaa, wala si ya gia.
sensa: kifaa kinachoipelekea kompyuta habari, solenoidi haimo.
saketi kamili: njia ya umeme isiyokatika.
saketi iliyokatika: njia ambayo umeme haupiti.
shoti ya bodi: waya wenye umeme unaogusa chuma cha gari.
wazi, kuziba: hali za njia ya oili tu.
kuganda: solenoidi au vali kutosogea ijapokuwa imeamriwa, isemwe imeganda ikiwa imezima, au imeganda ikiwa imewaka.
hali ya kujihami: kama ilivyo katika orodha.
dalili, hitilafu, chanzo: kama tulivyozitenga hapo juu.
jaribio la gia bila umeme: kuendesha gari soketi ya solenoidi ikiwa imechomolewa, ili kuzipima klachi na vali.

Hitimisho

Yatupasa tumalize kwa kujihakiki wenyewe. Baraza lilianza kutoa Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970. Mwaka 1987 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa kamusi ya msingi ya ufundi ya R. Ohly, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ikatoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini tangu hapo magari yamejaa kompyuta, na mafundi wa Kizota wameachwa watafsiri wenyewe, usiku, baada ya kazi. Mtu aliyeandika "solenoidi ya zamu" alifanya kazi ambayo sisi tulilipwa kuifanya.

Desturi yetu imekuwa kukaa katika kamati, kukubaliana, kuchapisha, kisha kungoja neno likubalike. Twadhani hatua moja imekosekana. Istilahi ya ufundi isomwe kwanza mbele ya mtu mwenye mita mkononi, naye aulizwe: "Ukisikia neno hili, utafanya nini?" Jibu lake likiwa ndilo tulilokusudia, neno limefaulu. Likiwa kinyume, neno lirudi mezani, hata kama limeundwa kwa kanuni zote za sarufi.

Nakala ya mapendekezo haya tumemkabidhi kijana aliyetuuliza swali, naye ameibandika kando ya ile ya zamani. Wasomaji, na hasa walimu wa vyuo vya ufundi na mafundi wa Dodoma, Singida na Manyoni, tunawaomba watuletee maoni yao, pamoja na nakala nyingine zozote zilizobandikwa kutani. Zenye oili ndizo tutakazozisoma kwanza.